Lehemu na Supu ya Jirani

Binti wa jirani yetu alijua kupika supu ya makongoro, na baba yangu aliipenda. Hilo tu ndilo lililonitesa muhula mzima nilipokuwa kidato cha tatu.

Tuliishi Nkende, nyumba yetu na yao zikitenganishwa na ua wa michongoma. Zamani tulikuwa sawa kabisa, wao na mihogo yao, sisi na yetu, mpaka duara la baba yake lilipotema huko machimboni. Duara ni shimo la dhahabu, na likitema hata sauti ya mwenyewe hubadilika. Kabla mvua hazijarudi walikuwa wameezeka bati jipya na kununua seti nzima ya sufuria zinazong'aa. Nyama ikawa inaliwa kila jioni kama vile kila siku ni Krismasi. Harufu haikujua mpaka. Ilivuka michongoma ikanikuta mimi nachambua maharage.

Baba zetu walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu mtu wa rika lako hakualiki chakula. Unaingia, unavuta kiti, unanawa.

Ndipo baba akapimwa hospitali akarudi na neno moja tu.

"Wamesema nina lehemu kwenye damu," alimwambia mama.

Mama alishika kiuno. "Lehemu? Ile ya fundi?"

Nyumbani kwetu tulijua lehemu moja tu, ile fundi wa sokoni anayoyeyusha kuziba matundu ya sufuria. Na sufuria yetu kubwa ilikuwa imezibwa chini mara mbili. Baba aliiinamisha, akaitazama kama mtu aliyemkamata mwizi wake, kisha akaenda kuitupa nyuma ya choo. "Kumbe ndiyo inayoniua," alisema. Mama alilia kwa ajili ya sufuria ile.

Kuanzia jioni hiyo baba akawa anakula kwa jirani. Alisema kule sufuria ni mpya, hazina lehemu.

Mimi nilikuwa nimesoma karatasi yake ya hospitali. Mama hakujua kusoma, na baba aliikunja bila kuisoma. Nesi alikuwa ameandika apunguze mafuta, chumvi na nyama nono, ale maharage, mboga za majani na samaki. Nilimsubiri mwalimu wa Baiolojia atoke darasani, nikamuuliza huku natazama viatu vyake. Alicheka kidogo, akasema lehemu ya kwenye damu ni mafuta, yanaganda ndani ya mishipa mpaka moyo unachoka kusukuma.

Kwa hiyo nilijua. Na sikusema.

Sababu ya kwanza ni aibu. Mtoto wa kike atamwambiaje baba yake kwamba hakuelewa neno? Lakini sababu ya pili ndiyo mbaya. Mama alikuwa akirudi kutoka sokoni jua likiwa limezama, kwa hiyo chakula cha jioni kilikuwa changu. Nyuma ya daftari la Jiografia nilikuwa nimepanga wiki nzima nikifuata karatasi ile: ugali wa mtama kwa mboga ya mgagani, maharage yaliyochemshwa pamoja na karoti, kunde, boga, dagaa mara mbili kwa kuwa ni wa bei nafuu. Jumapili tu nyama, isiyo na mafuta, tena vipande viwili vya kuonja. Mafuta ya kupikia nilipima kwa kijiko, sikumimina. Mama alifurahi kwa sababu chupa moja ilianza kukaa wiki tatu. Baba alifunua bakuli, akafunika, akasema, "Hii ni njaa iliyopangwa vizuri." Akavaa kandambili zake, akavuka ua.

Nilimsikia kutoka ng'ambo ya ua. "Mama, mkono wako una baraka!" Alimwita mama, yule msichana wa rika langu! Mimi aliniita "wewe".

Basi nikawaza, acha anywe. Anywe supu yake yenye mafuta yaliyoganda juu kama nta, augue, ndipo ajue nani alikuwa anampikia kweli. Nimejaribu kuliandika wazo hilo kwa maneno mazuri zaidi, nimeshindwa. Ndivyo nilivyowaza, tena zaidi ya mara moja.

Jumamosi moja tulikuwa tunapandisha mlima kutoka shambani, yeye na baiskeli yenye gunia la viazi vitamu, mimi nyuma nikisukuma. Katikati ya mlima baiskeli ikasimama. Baba alikaa kwenye jiwe, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi. Jasho lilimtoka wakati kulikuwa na upepo.

"Tata," nikamwita, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, "ni nini?"

"Pumzi tu. Sukuma mbele, nakuja."

Sikusukuma. Nilisimama pale nikijua kuwa nilikuwa nimeyaombea haya.

Jioni hiyo bado alivuka ua. Nikamfuata. Sikuwa nimewahi kuingia kwao tangu duara liteme. Nilisalimia shikamoo, baba mwenye nyumba akaitikia na kusema, "Leo hata bubu wa ng'ambo amekuja! Mpe kiti." Binti yake alikuwa ameshika upawa juu ya bakuli la baba.

"Usimpe," nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Tata, lehemu si ya sufuria. Ni haya mafuta. Nilisoma karatasi yako siku ile ile, nikanyamaza."

Jirani akaangua kicheko hadi akashika tumbo, akamwita baba kama marika wanavyoitana. "Mura! Umetupa sufuria nzima ya mke wako bure?"

Baba hakucheka. Alinigeukia. "Ulinyamaza kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unamsifu yeye."

Binti wa jirani aliinamisha uso. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Baba alinyanyuka, akamwambia rika lake, "Kula, mura, mimi nimeitwa nyumbani." Usiku ule alimaliza bakuli zima la kunde. Hakusifu. Alisema chumvi ni kidogo, nikamjibu kuwa chumvi nayo imeandikwa, akaguna.

Siku chache baadaye yule msichana alikuja jikoni kwetu, kanga imefungwa kiunoni kama mtu mzima. "Baba yangu naye anahema usiku," alisema. "Nionyeshe hao dagaa."

Nilimwonyesha: nyanya nyingi, kitunguu, ndimu, mafuta kijiko kimoja. Sikumwambia kwamba kwanza nawatoa vichwa na kuwakausha kwenye chungu kikavu, bila mafuta, mpaka harufu ya ziwa iishe. Nilimwacha aondoke hivyo hivyo. Kesho yake nikasikia kutoka ng'ambo, "Chakula gani hiki kinanuka kama mtumbwi? Lete nyama!" Nikatabasamu peke yangu. Kisha nikamkumbuka baba pale kwenye jiwe, nikamwaza baba yake yule msichana naye amekaa pale pale, na mimi nimenyamaza tena.

Nilivuka ua, nikamwambia yote.

Baba alipopimwa mara ya pili walimwambia lehemu imeshuka kidogo, aendelee hivyo hivyo. Aliporudi alipitia kwa rika lake kumpa habari, wakamwekea dagaa. Aliingia nyumbani anafuta mdomo.

"Yule binti," alisema, "dagaa wake siku hizi ni watamu sana."

Nilibandika maji ya ugali jikoni, nikakoroga unga kwa nguvu mpaka mwiko ukalia.