Siku Niliyofuta Utafiti Wangu Mbele ya Darasa

Jamani, hii kila nikiisimulia, nikifika katikati natamani kujifunika kitenge usoni, lakini leo nawapa yote.

Niliitwa Haydom kuwafundisha wanafunzi wa shahada ya uzamili namna ya kutunza data za utafiti. Mimi, mtoto wa wakulima wa Masieda! Mwenyewe shahada ya uzamivu nilikuwa bado naisomea, lakini kwa maringo niliyokuwa nayo ungedhani chuo nimekianzisha mimi. Mama akaomba aje anione nikifundisha, nikampa kiti cha nyuma, amevaa gauni lake la kanisani.

Somo likaenda vizuri mno. Nikawaambia data ziwe na nakala tatu, moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, moja mbali kabisa, kwenye seva ya chuo. Wanaandika, mama anaitikia kwa kichwa kama naye ana mtihani. Ningeishia hapo ningekuwa salama, ila nikaona hawajashangaa vya kutosha (na mama yupo), nikasema, "Tazameni!" nikafuta folda ya utafiti wangu mwenyewe, mahojiano ya akina mama niliyoyahangaikia vijiji vyote mpaka Yaeda Chini, na kapu la taka la kompyuta nikalimwaga. Darasa likaguna.

"Msiogope, chenye nakala hakipotei," nikasema, nikachomeka flashi.

Ndani kulikuwa na video moja tu.

(Jana yake, nyumbani kwa mama, nilijirekodi nikifanya mazoezi ya kufundisha ili nijitazame kwenye televisheni, flashi ikasema imejaa, nikafuta kitu kimoja kikubwa bila hata kusoma jina. Sasa nikajua kilikuwa nini.)

Kwa haraka nikabonyeza pasipo kukusudia, video ikaanza kucheza ukutani kwa projekta: mimi huyo, nimejifunga khanga, nimeshika mwiko kama kipaza sauti, natamka kwa sauti nzito, "Kwa majina naitwa Daktari... hapana... Profesa Rehema!"

Watu walicheka mpaka wengine wakalalia meza. Mama akasimama, akapiga vigelegele.

"Mwanangu ni profesa! Mbona hukuniambia?"

"Mama, kaa tafadhali, bado."

"Bado nini, na umesema mwenyewe?"

Bura, tabibu mtu mzima aliyekuwa mmoja wa wanafunzi, akanihurumia. "Mwalimu, ile nakala ya tatu si ipo?"

"Ipo," nikajibu, lakini sikuwa na hakika, maana tangu niiweke kwenye seva sikuwahi kuifungua nione kama ni nzima. Nikaweka simu dirishani, ndipo mtandao uliposhika, folda ikaanza kushuka kwa kusuasua, chai ikanywewa ikaisha, bado inashuka. Sikuwa na pa kukimbilia, basi nikawaeleza nilivyokosea hatua kwa hatua, mwiko na yote, na safari hii hakuna aliyecheka, waliandika tu.

Ikafika. Nikaifungua. Nzima!

"Tusomee mahojiano ya mama mmoja tuamini," akasema Bura.

"Hapana. Wale akina mama waliniamini mimi, hawakuliamini darasa." Nikaifunga. Mgongo wangu ukanyooka wenyewe.

Kisha nikamwambia kila mtu afungue nakala zake palepale. Paskalina, muuguzi, akakuta flashi yake haisomeki, karibu alie, tukakaa naye tukatengeneza nakala nyingine. Masika yalipofika, Paskalina huyo akanipigia simu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, vipi huko?"

"Gari limezama korongoni huku Yaeda, begi limeingia maji, kompyuta imekufa. Lakini kazi yangu yote ipo, nimeifungua ile nakala sasa hivi kwenye kompyuta ya mwenzangu."

Nilikaa chini jikoni nikacheka huku machozi yananitoka, kwa sababu ile aibu yangu, mnaona, ilimwokolea mtu kazi yake nzima, na hilo hakuna wa kuninyang'anya. Nimeshaitwa kufundisha tena mara nyingi, na naenda kifua mbele. Ila kiapo nimekula: mbele ya darasa sifuti kitu tena, isipokuwa ubao, na huo nao nauliza kwanza kama wote wameshaandika.