Leseni ya Dhahabu ya Fumie Kajitani

Kwa mara ya tatu wiki hiyo Fumie Kajitani alisimama katika yadi ya magari ya bwana Handa, akiyatazama magari matatu ya mizigo aliyokwisha kuyatazama Jumatatu na Jumatano, na bado hakujua anunue lipi. La kwanza lilikuwa kirikuu cheupe, kifupi, chenye uso wa mshangao. La pili lori la tani moja na nusu. La tatu lori la tani mbili, lenye ubao wa nyuma unaopanda na kushuka ukibonyeza kitufe, na Handa alikuwa amekibonyeza kile kitufe mara nyingi mno.

"Tuanze na swali moja tu, mama Kajitani," Handa alisema. "Kwa siku unapakia katoni ngapi?"

Hilo alilijua. "Sitini. Joto likipamba moto, themanini."

"Basi kirikuu hakikufai. Kinabeba thelathini na tano, ukizidisha kinalala chini. Chukua la tani mbili."

"Na vichochoro vya mlimani?"

"Mnazo mashine za vinywaji mlimani?"

"Kumi na moja."

"Ah! Kule la tani mbili halipiti. Chukua kirikuu."

Fumie akanywa chai ya shayiri aliyokaribishwa.

Sisi wa Kamoura tunawajua akina Kajitani kwa mashine zao za vinywaji, zile za kutumbukiza sarafu kopo likaanguka. Wanazo thelathini na nane, kuanzia soko la samaki mpaka juu kabisa kwenye nyumba za wazee. Mume, Mitsugu, ndiye aliyekuwa akizungusha lori na kuzijaza. Mke alikuwa mtu wa stoo. Yeye ndiye aliyepanga katoni kila alfajiri, akaosha mapipa ya makopo matupu, na kila majira yalipogeuka akamwandalia mumewe vibandiko, vya buluu kwa vinywaji baridi na vyekundu kwa vya moto. Miaka thelathini na moja hiyo. Ukimwuliza katoni ya kahawa nyeusi iko wapi atakuonyesha amefumba macho, lakini njia ambayo ile kahawa hupita baada ya kutoka mlangoni mwake hajawahi kuipita hata siku moja.

Sasa Mitsugu alikuwa na presha ya macho. Mwezi wa nne alikwenda mwenyewe kituo cha polisi akarudisha leseni, akisema daktari amemlazimisha, akarudi nyumbani na barua ya shukrani na kuponi za punguzo kwenye nyumba ya kuogea. Lori lao la kijani, lililokuwa na umri wa kuoa, lilikuwa linaishiwa cheti cha ukaguzi mwisho wa mwezi wa tano, na fundi alipolitazama chini alicheka peke yake. Kwa sasa shemeji yake Fumie, Eisaku, ndiye aliyekuwa akiwaendeshea, lakini Eisaku ana michungwa yake, na alikwishasema wazi kwamba mwezi ukiisha na yeye ameisha. Na kulikuwa na yule bwana wa kampuni kubwa, aliyekuja mara mbili na boksi la keki, akiinama mpaka unamwonea huruma mgongo wake. Mashine zote angezichukua yeye. "Nyinyi mpumzike tu," alisema.

Mitsugu alimjibu mara zote mbili jibu lile lile. "Hatujachoka. Mke wangu ana leseni. Tena ya dhahabu."

Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Kwetu dereva akikaa miaka mitano bila kosa, leseni yake inayofuata huwa na mstari wa dhahabu, na watu huiweka mbele kwenye pochi ionekane. Fumie amekuwa nayo tangu mistari hiyo ilipoanza. Hajawahi kupita kasi, hajawahi kuegesha pabaya, hajawahi kugusa bampa ya mtu. Utavunjaje sheria za barabarani ukiwa stoo? Tangu mwaka wa harusi yake hakuwa ameshika usukani. Kila baada ya miaka mitano alikwenda, akatazama filamu ya ajali, akapigwa picha, akapewa dhahabu nyingine, akaona haya njia nzima ya kurudi nyumbani.

Alijaribu kumwambia Mitsugu. "Unajua mimi siendeshi."

"Kuendesha ni kama kula kwa vijiti," Mitsugu alimjibu. "Mkono hausahau."

Kwa hiyo Handa alipomwomba leseni ili amruhusu kulijaribu gari barabarani, Fumie alimpa, hana njia. Handa aliitazama, akainuka kitini.

"Dhahabu! Na ni leseni ya zamani hii, inaruhusu mpaka lori la tani nne. Mama, nisamehe. Mimi nakufundisha magari kumbe nimekaa na bingwa." Akampa ufunguo wa lori la tani mbili kwa mikono yote miwili.

Fumie alipanda. Kutoka kule juu yadi nzima ilionekana iko mbali, na miguuni palikuwa na pedali tatu. Ya kushoto ilikuwa ya nini? Klachi. Na klachi inakanyagwa kabla au baada? Akateremka taratibu, akasema tumbo linamsumbua, akaenda zake nyumbani kwa miguu, na Handa alisimama nyuma yake akiinama kwa heshima.

Jioni hiyo kila mtu alikuwa na la kusema. Eisaku alisema tani moja na nusu, ndiyo kati na kati. Mitsugu akasema kati na kati ni mbaya kotekote, haitoshi mizigo na haipiti kona. Eisaku akauliza, "Basi gari la umeme je?" Mitsugu akauliza litachajiwa wapi, kwenye michungwa? Walibishana mpaka samaki akapoa. Hakuna aliyemuuliza dereva, na dereva alikuwa anashukuru, maana angeulizwa angelia.

Asubuhi akapiga moyo konde. Kama hawezi kuzipita njia zile kwa gari, atazipima kwa miguu. Alichukua mianzi miwili ya kuanikia nguo, akakata mmoja upana wa kirikuu na mwingine upana wa lori la tani moja na nusu, akapanda mlima nayo begani. Tulimwona wengi. Huyo mama anaingia kichochoroni, anaulaza mwanzi toka ukuta mpaka ukuta, anaguna, anaandika, anaulaza wa pili. Muuza tofu alimwuliza kama anatafuta mahali pa kuanika. Fumie akamwambia anapima, na muuza tofu akampisha haraka, kama tunavyowapisha wenye shughuli zisizoeleweka.

Kwenye kona ya tatu aliona rangi. Ilikuwa mkwaruzo wa kijani, usawa wa kioo cha pembeni, kijani kile kile cha lori lao. Akatabasamu. Kona ya nne, mwingine. Kona ya tano, mitatu, mmoja juu ya mwingine. Ndipo akagundua kwamba yote iko mkono wa kushoto wa mtu anayepanda. Kulia, hakuna hata alama. Na iliyofifia ilikuwa michache, mipya ndiyo iliyojaa. Alisimama pale na mianzi yake, na polepole akaelewa anachosoma ukutani. Yalikuwa macho ya mumewe hayo, jinsi yalivyokwenda, kona kwa kona.

Juu zaidi kuta zilibadilika. Kila pembe ilikuwa imepakwa chokaa nyeupe kuanzia chini mpaka usawa wa kifua. Mbele ya mashine ya mwisho, bibi Shigeno, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, anakunywa chai ya kopo.

"Bibi, nani amepaka hizi chokaa?"

"Sisi. Mwaka juzi. Mumeo alikuwa akiutafuta ukuta kwa kioo, tukaona tumwangazie."

"Mlijua haoni?"

"Mwanangu, dunia nzima ya huku juu ilijua."

"Na hamkumwambia? Hamkuniambia?"

Bibi Shigeno alilizungusha kopo mkononi. "Tungemwambia angeacha kuja. Duka la huku lilifungwa. Kushuka nashuka, kupanda tena na maji mkononi siwezi. Hii mashine ndiyo duka letu." Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Tulifanya vibaya, eh?"

Fumie hakujua kama anataka kumgombeza au kumkumbatia. Alikuwa na hasira, na alikuwa na shukrani, na havikutaka kukaa mahali pamoja. Aliinama, akaokota mianzi, akashuka bila kupima kona moja zaidi.

Mitsugu alikuwa stoo, anapapasa katoni kujifunza zilivyopangwa.

"Umeendesha miaka miwili huoni," Fumie alimwambia akiwa mlangoni.

"Kulia nilikuwa naona vizuri."

"Mitsugu! Ungeua mtu."

Aliweka katoni chini. "Siku moja kwenye kona ya bibi Shigeno nilisikia 'habari za asubuhi'. Kushoto, karibu hivi." Akanyoosha mkono nusu. "Nikageuza shingo ndipo nikamwona bibi mwenyewe. Alikuwa amejibana ukutani. Kesho yake nikaenda polisi. Daktari hakunilazimisha, nilikudanganya. Niliona haya."

Fumie alikaa juu ya katoni za maji ya machungwa. Machozi yalimtoka bila kuombwa. "Mimi naogopa," alisema. "Unanisikia? Siyo kwamba sijui gari lipi. Yote naogopa. Handa ananiinamia mimi, na sikumbuki klachi ni ya nini."

"Nilidhani mkono hausahau."

"Mkono wangu haukuwahi kujua!"

Mitsugu alicheka kidogo, kisha akaacha. Alimtafuta bega, akalipata. "Unaloogopa kidogo kuliko mengine ni lipi?"

"Kile cheupe. Kifupi. Hakina klachi."

"Basi."

"Hakitoshi katoni sitini."

"Utakwenda mara mbili."

Fumie alimtazama. Wiki nzima watu watatu wazima walikuwa wamezozana kuhusu tani, na hakuna aliyesema mara mbili. Hata sasa hakuwa na hakika kama ni jibu au ni mzee tu anataka mkewe anyamaze.

Keshoye alimwambia Handa ukweli. "Dhahabu hii niliipatia stoo. Sijaendesha miaka thelathini na moja." Handa aliziba mdomo, akatazama kulia na kushoto, akasema kwa kunong'ona kwamba hata mama yake mzazi anayo kama hiyo na anaiweka karibu na madhabahu ya nyumbani. Akampunguzia bei ya matairi. Fumie alichukua masomo manane katika shule ya udereva, kwenye gari ambalo mwalimu naye ana breki miguuni kwake, na mwalimu aliitumia hiyo breki mpaka kiatu chake kikakunjamana. Somo la nane alikanyaga mara mbili tu.

Tarehe thelathini na moja mwezi wa tano, kirikuu kilitoka stoo na katoni thelathini na tano, Fumie kwenye usukani, Mitsugu kushoto kwake amekumbatia chupa ya chai na vitonge vya wali. Soko la samaki walipita salama. Kituo cha treni, salama, ingawa basi liliwapigia honi na Fumie akaliomba radhi kwa sauti kana kwamba linasikia. Kisha mlima.

"Sasa kulia kidogo," Mitsugu alisema, macho mbele, hatazami kitu. "Bomba la maji liko hapo. Nyoosha. Kona ya muuza tofu hiyo, hesabu mpaka tatu ndipo ukate."

"Moja, mbili…"

"Usikate!"

"Sijakata! Nahesabu tu!"

Walipanda hivyo, wakigombana, mwendo wa kuku. Majirani walikuwa wametoka, wamejipanga vizingitini, wanajifanya wanafagia. Kwenye kona ya mwisho Fumie alihesabu, akakata usukani, na kirikuu kikasaga ukuta. Ilikuwa sauti ndefu, ya kutia uchungu. Akakanyaga breki.

"Kona ya Shigeno?" Mitsugu aliuliza.

"Kona ya Shigeno."

"Na mimi ni hapo hapo."

Fumie aliteremka, uso umemwiva kwa aibu. Kioo kilikuwa kimejikunja na ubavu wa gari umekwaruzwa. Siku ya kwanza kabisa, na mji mzima unatazama. Kampuni kubwa ingepeleka kijana anayejua kazi, alijiambia, na kesho atampigia yule bwana wa keki amalize mambo. Bibi Shigeno alikuwa tayari ameinuka kwenye kiti chake. Alikuja taratibu mpaka ukutani, akainama, akautazama ubavu wa gari, akautazama ukuta, akapitisha kiganja juu ya chokaa akitafuta alama. Gari jeupe, ukuta mweupe. Alitafuta sana.

"Mimi sioni kitu," alisema mwishowe, akipangusa kiganja kwenye aproni. "Gari umechagua vizuri, mwanangu. Haya, nijazie. Chai imeisha tangu juzi."

Fumie akafungua mlango wa nyuma, akateremsha katoni ya kwanza.