Maziwa Yaliyosubiri Mlangoni

Harufu ya mtori ndiyo iliyotuamsha msimu ule. Ndizi mbichi na nyama ya mbavu vilichemka tangu alfajiri, mwiko ukiponda taratibu, na mvuke ukapenya nyufa za mbao ukachanganyika na ukungu wa mlimani kwetu Kibosho mpaka kihamba kizima, shamba letu la nyumbani lenye migomba na mibuni, kikanukia kama jiko. Mama alikuwa amejifungua mdogo wetu wa mwisho, na kwetu mzazi hashiki jembe. Hukaa ndani miezi mitatu akilishwa, na anayemlisha ni mama mkwe wake. Siku akitoka kwenda kanisani, watu hawampimi yeye peke yake. Akitoka amenawiri, mama mkwe kapata sifa. Akitoka amekonda, jina la mama mkwe linateremka mlima mzima.

Bibi, mama yake baba, hakuwa mtu wa kuchezea jina. Asubuhi mtori, mchana kisusio, ile supu ya damu na nyama iliyoiva sawasawa, jioni ndizi kwa maharage. Lakini Mama hakunawiri. Akisimama alishika ukuta, na midomo yake ilipauka kama ya mtu aliyekula unga. Zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu, na Bibi akavipokea kwa heshima zote. "Dawa ni mgeni," alisema, "haikaribishwi kwa maji matupu." Kila kidonge akakisindikiza kwa maziwa mazito ya kibuyu, kisha chai ya rangi ya kusafisha koo. Vidonge vikaisha, vikaletwa vingine, na Mama bado akashika ukuta. Nikitoka shule nilikimbia moja kwa moja hadi kitandani kwake, kuhakikisha yupo.

Ndipo Mama Aneth, muuguzi wa zahanati, akapita kumjulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu mwangalie mwenzako huyu. Chakula changu kinaenda wapi, sijui!"

Muuguzi akavuta kope ya chini ya Mama, akaguna, akauliza vidonge vinamezwa na nini. Bibi akaeleza kwa fahari, kuanzia kibuyu hadi chai. Mama Aneth akaanza kucheka, akajizuia.

"Mama, chakula chako hakina kosa. Ila maziwa na chai vikikutana na kidonge, vinakizuia kuingia kwenye damu. Ameze kwa maji ya limau. Maziwa yaje baadaye."

"Mzazi apewe limau? Kwani ana mafua?"

"Ana njaa ya damu, mama."

Bibi akaweka mkono shavuni. "Kumbe nimekuwa nikikifungulia mlango na kukifungia papo hapo."

Kukamua limau kulikuwa kazi nyepesi. Kazi ilikuwa wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wageni wetu walikuja asubuhi, saa ile ile ya kidonge, na vibuyu vya maziwa, na desturi ilikuwa usiondoke mpaka umwone mzazi akinywa. Bibi akaweka kigoda mlangoni. Kila kibuyu alikipokea, akashukuru, akakipanga kando mpaka kidonge kitulie tumboni. Mama Restituta, jirani mwenye sauti ya kengele, hakuvumilia.

"Ee! Tangu lini nyumba hii inamnyima mzazi maziwa? Au mnayauza?"

"Yatanywewa. Kaa uyasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yakuite."

Kufikia Jumapili, kijiji kizima kilijua kwamba Bibi amekuwa mchoyo uzeeni. Alisikia yote, akaendelea kukaa pale pale. Haba na haba hujaza kibaba: Mama akaacha ukuta, akaanza kuimba akimwogesha mtoto. Siku ya kutoka alipanda kilima cha kanisa na mtoto mgongoni bila kushikwa na mtu. Mama Restituta akamzunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Huyu mlimlisha nini?"

"Limau," Bibi akajibu, akapita kidevu juu.

Tangu hapo nimezunguka sana: Tanga, Mpanda, Songea, sijakaa mji hata mmoja nikaona migomba yangu ikizaa. Siku hizi maduka ya Majengo, mtaa wa mjini chini ya mlima wetu, yamejaa makopo ya unga wa mlonge, vidonge vya madini na mafuta ya samaki, na maelekezo yako kwenye simu. Sivibezi, vingine natumia mwenyewe. Mwezi uliopita, nikiwa safarini kwenda Singida, nilipitia kumwona binti wa dada yangu aliyejifungua, pale Majengo alipopanga chumba. Dirishani alikuwa na safu ya makopo, na kila moja alijua linatumiwaje, kabla au baada ya kula. Akampigia Mama simu, akamsomea yote. Mama, ambaye sasa ni bibi kizee, alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri sana, mjukuu wangu. Na nani anakupikia?"

Binti akanitazama mimi na begi langu begani. Nikalitua, nikamuuliza sokoni ni upande gani.

"Mjomba," akacheka, "wewe unajua kuponda mtori?"

"Nipe mwiko."