Mkono wa Pole Maskati

Kabla ya Maskati nilikuwa nimezoea kuona watu wakilia mbele yangu, na nilikuwa najisikia kweli kweli.

Mimi ni mtu wa Mombasa, naimba bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, kwa Kiswahili. Kwa miaka minane mpiga gitaa wangu na mimi tulizunguka kumbi ndogo ndogo za Ufaransa na nchi za jirani. Yeye ni mtu wa bara, alisoma Sudan, akaishi Paris, na lugha anazo za kumwaga. Mimi nina Kiswahili na Kiingereza cha shule. Kwa hiyo yeye ndiye aliyetangulia jukwaani kunitambulisha kwa lugha ya wenyeji, mimi nikingoja nyuma ya pazia. Mara nyingi nilipoingia nilikuta waliokaa mbele wameshatoa vitambaa, hata kinywa sijafungua. Nilidhani sifa zangu zimenitangulia. Nilimwandikia dada yangu kwamba nawaliza Wazungu wasiojua neno hata moja ninaloimba.

Mwaliko wa Maskati ulikuja kupitia wakala. Mwenzangu alichojua ni kwamba tutawaimbia Waarabu. Mimi nilijua kuwa Maskati kuna nyumba chungu nzima ambamo Kiswahili hakijatoka tangu wazee walipohama Unguja, na nilifurahi kwamba hatimaye nitaimbia watu wanaonielewa. Sikumwambia. Nilitaka aone mwenyewe ashangae.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Tulianza baada ya alasiri. Alinitambulisha kwa Kiarabu, kwa kirefu kuliko kawaida, nikaingia nikaimba nyimbo nne, na kina mama wa mbele walilia kama nilivyozoea. Magharibi ilipoadhiniwa tukasimama ili watu wasali.

Baada ya sala kina mama wakaja nyuma ya jukwaa, wamepanga mstari. Mmoja mmoja alinishika mkono wa kulia, akainamisha kichwa, akanong'ona, "Mola akupe subira." Mkono ule naujua. Ni wa msibani. Nilidhani mama yangu amefariki huko nyumbani na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.

"Nani amekufa, bibi?" nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa hataki kuuachia mkono wangu.

Akanitazama kwa huruma. "Mwanao, mama. Nnajua ni zamani, lakini pole haina zamani. Mie nimezika wawili. Usijilaumu kwa ile simu. Siku zake zilikuwa zishafika."

Ile simu. Mwanangu alikuwa na miaka minne. Alikuwa na homa kidogo, nikamwacha kwa jirani, nikaenda kuimba kwenye harusi ya mchana, simu nimeizima ndani ya mkoba. Nilipoiwasha, jirani alikuwa amenitafuta mara saba na mtoto alikuwa ameshakata roho hospitali. Watu wa kwetu wanajua nilifiwa. Habari ya kuizima simu nilimwambia mtu mmoja tu duniani, kwenye gari-moshi, katika ziara yetu ya kwanza. Hata katika nyimbo zangu sijawahi kuitia.

Nilimkuta mwenzangu anakaza nyuzi.

"Umewaambia nini hawa?"

Akaendelea kukaza. Nilipomtajia simu, akaliweka gitaa chini.

"Umejuaje?"

"Wanaongea Kiswahili. Tangu lini unaisema?"

"Dada, watu hawaelewi maneno yako. Lazima wajue uchungu unatoka wapi."

"Tangu lini?"

"Tangu ziara ile ile ya kwanza. Lakini si umeona wanavyokupenda?"

Nilitaka kumpiga kwa gitaa lake. Kila usiku, miaka minane, alisimama kwenye taa akamtoa mwanangu mbele za watu kwa lugha nisiyoijua, nami nikaingia kwa tabasamu, nikainama, nikashukuru kwa machozi yao.

Nilimwambia asipande tena. Sehemu ya pili niliimba peke yangu, bila chombo, simu yangu ikiwa imewashwa juu ya kiti kando yangu. Yule bibi alilia tena. Sikuweza kumtazama, kwa sababu sikujua analilia wimbo au mtoto.

Swali hilo lilinikaa moyoni. Mwaka uliofuata nikarudi na mpiga gitaa mwingine kwenye ukumbi mmoja wa Ufaransa ambamo watu walikuwa wakilia kuliko kote. Nilimwomba mwenyeji ataje mji wangu tu, basi. Niliimba nyimbo zile zile, na siku hiyo sauti yangu ilikuwa nzuri, hilo nalijua. Walipiga makofi. Mwanamke mmoja wa mbele alitazama saa. Nilipitisha macho safu kwa safu hadi nyuma kabisa, na hapakuwa na kitambaa hata kimoja.