Ushahidi wa Wifi Harusi

Mahfudha alitia vidole kwenye mafuta yanayochemka, na hakupiga hata ukelele.

Ilikuwa asubuhi, uani, Malindi, mwaka wa themanini na tano. Karai la mahamri ya kuuza liko motoni. Mwanamke mzima anapapasa mafuta kama anayetafuta sindano iliyozama!

Macho wazi. Hayatazami popote.

Wifi yake, Harusi, alikuwa mlangoni akipiga mswaki. Mswaki ukamponyoka.

"We Mahfudha! Umeingiwa na nini?"

Mdomo wa Mahfudha unatafuna, na ndani hamna kitu. Kisha akazinduka, akautoa mkono, akaangalia vidole vinavyovimba. Ndipo akalia.

"Nilipitiwa, wifi."

"Kupitiwa gani huko?" Harusi alisonya. Lakini moyoni alifurahi.

Naam, alifurahi. Nisikufiche: Harusi alimchukia yule mwanamke. Yeye Harusi alikuwa ameachwa na mumewe, amerudi nyumba ya marehemu baba yao, akakuta jiko lina mwenyewe. Mtu wa Faza, kaolewa na ndugu yake mdogo, Muhidin.

Muhidin alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, Gongoni. Alikuja nyumbani Alhamisi jioni, Jumamosi akarudi. Siku zilizobaki ni wanawake wawili, jiko moja, na chuki tele.

Harusi akawa mpelelezi. Alitaka sababu ya kumtoa.

Na sababu zilikuja zenyewe. Mahfudha alinyamaza katikati ya maneno, kama redio iliyoishiwa na betri. Aliuliza, "Nani kachoma udi?" na chetezo kiko kabatini. Siku nyingine alishika mlango kwa woga: "Wifi, haya si yalishatokea jana, hivi hivi?" Mkono wa kushoto ulimruka tu, chai ikamwagika.

Kuna asubuhi Harusi alikuta shuka zimeshafuliwa na kuanikwa kabla watu hawajaamka. Na mwenyewe ana jeraha ulimini, hata mchuzi wa pilipili hauwezi.

"Mchawi," Harusi akaamua. "Kama si mchawi, basi mlevi. Vyovyote vile, atatoka."

Muhidin alipokuja, Harusi akamkalia kitako.

"Mwache, Muhidin. Yule si mtu."

"Dada, umeanza! Amechoka tu. Kila siku moshi, wewe ungekuwaje?"

"Mtu akichoka hutafuna hewa kama mbuzi?"

"Koma, dada! Nikikusikia tena, hapa hatutakaa pamoja."

Ukipenda, chongo utaita kengeza.

Harusi hakuacha. Akawaita wazee wa ukoo waje Ijumaa baada ya swala. Alitaka mbele yao ayataje yote, moja baada ya jingine, Muhidin akose pa kukimbilia.

Ijumaa ikafika. Wazee wameketi barazani. Harusi ameshakohoa, amesafisha koo. Mahfudha akatokea na sinia la kahawa.

Akasimama. Kichwa kikageuka polepole upande mmoja. Ukamtoka ukelele mmoja wa ajabu, akaanguka kama gogo. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutupatupa. Povu mdomoni.

"Msimguse! Mtaambukizwa!" mzee mmoja alifoka, huku akikunja kanzu yake.

Walitawanyika wote, viatu vingine vikabaki. Muhidin peke yake alimlaza mkewe kwa ubavu, akilia kama mtoto.

Alipotulia wakampeleka hospitali. Harusi naye akafuata. Si kwa huruma! Hakutaka maneno yake yalale.

Tabibu, bwana mmoja mpole kwa jina la Kahonzi, akauliza, "Hii ni mara ya kwanza?"

"Ya kwanza," Muhidin akajibu. "Mke wangu ni mzima kabisa."

"Na wewe mwenyewe, mama?"

"Sikumbuki kitu," Mahfudha akanong'ona.

"Waongo wote wawili!"

Harusi alilipuka. Akamwaga kila kitu: mafuta, udi usiokuwepo, kutafuna, mkono wa kushoto, shuka, ulimi. Yalianza lini, yanakaa kiasi gani, akizinduka anasemaje. Aliyasema kwa sumu, kidole kikimwelekea wifi yake usoni.

Kahonzi hakumkatiza. "Endelea, mama."

Harusi akasita. "Niendelee nini? Huoni kuwa ni mchawi?"

"Naona kifafa. Na kilianza zamani. Huweza kumwanzia mtu hata ukubwani, na si lazima aanguke. Kule kuduwaa, kule kunusa kisichokuwepo, ndicho chenyewe, kinapita kidogo kidogo. Shuka zile na ulimi, kilimjia usingizini. Na hakiambukizi."

Akamgeukia Muhidin. "Ungemleta siku ile alipoungua."

Muhidin akaushika mkono wa mkewe, ule wenye kovu.

"Atakunywa vidonge kila siku, asiache hata akijiona mzima. Asikae motoni peke yake. Nani atamwangalia?"

Muhidin, kazi yake ni Gongoni. Wote wakamtazama Harusi.

"Mimi? Thubutu!"

"Wewe ndiye mwenye macho, mama."

Pale kitandani, Mahfudha akafumba macho. "Yaa Rabbi, mwingine yeyote. Si huyu."

Usidhani walipatana. Harusi alimpa dawa kama anayempa sumu: "Meza, nikuone!" Mahfudha alimeza huku akimkodolea. Kuanguka kukapungua, kukawa nadra. Matusi hayakupungua.

Ila siku moja, kwenye bomba la maji, jirani alitangaza kuwa Mahfudha ana pepo, mahamri yake yasinunuliwe. Harusi akatua ndoo.

"Pepo unalo wewe! Wifi yangu ana kifafa, na anakunywa dawa. Kama ni adui, anaye tayari. Ni mimi, na namtosha!"

Basi ndugu yangu, ukimwona mtu mzima anaduwaa ghafla, ananusa visivyokuwepo, anatafuna hewa na hakumbuki, usingoje aanguke. Mpeleke hospitali, ukaseme yote uliyoyaona.

Muhidin alimpenda mkewe kwa dhati, na nusura ampoteze.

Umpendaye, mtazame kwa jicho la anayemtafutia kosa.