Niliufuturisha Mtaa Mzima Kabla ya Jua Kuzama

Haya, chekeni mapema tuyamalize, maana najua mtacheka tu. Mimi ndiye yule dada wa Lizaboni mliyesimuliwa, aliyewalisha watu tende mchana wa Ramadhani, tena Waislamu wenzake, tena mama mkwe wake akiwa wa kwanza. Kwa muda mrefu nilikuwa nasingizia umeme, lakini majirani wameshaitia chumvi habari yenyewe mpaka imekuwa chungu, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenye aibu yangu.

Kazi yangu ni fundi wa kontrola kwenye kiwanda cha unga wa sembe hapahapa Songea. Kontrola ni visanduku fulani vya ukutani, ukiviona unaweza kuvitundikia koti, lakini ndivyo vinavyoamua mkanda uende au usimame, mfuko ujae kiasi gani, na (shikeni hapa) king'ora kilie saa ngapi. Kila kimoja kina programu yake ya ndani kabisa, ile inayokifanya kiwe kontrola na si bati tu, na kila baada ya muda waliokitengeneza hutuma programu mpya, na mimi ndiye ninayeipakia. Sisi tunasema kuapdeti. Ukiipakia vizuri hakuna anayekushukuru, ukiipakia vibaya unajulikana mpaka Mbinga.

Sasa hicho king'ora. Mwezi wa Ramadhani mwenye kiwanda huwa anataka kilie Magharibi inapoingia, siku kwa siku kwa kufuata kalenda ya msikiti, ili watu wa zamu ya jioni waache mashine wakafungue. Kumbe kinasikika Lizaboni nzima, na watu wakakizoea, maana spika ya msikiti wetu inakoroma, na umeme ukikatika hata kukoroma haikoromi. Jirani yangu Baba Salma alikuwa anasema waziwazi, "Mimi nafungua na kiwanda, adhana itanikuta kwenye uji."

Njooni nyumbani sasa. Mume wangu Rashidi ni Myao wa Nalasi, kule Tunduru, na mama yake, Bi Mwanaisha, ana shamba la mikorosho ambalo ukianza kulizunguka asubuhi unarudi na njaa. Mama huyu hakunichukia, hapana, ila kwake yeye mke ni mtu anayekutwa nyumbani, na aliposikia kwamba mkwe wake anavaa kofia ngumu na kushinda na bisibisi, akapiga simu kusema Jumamosi anakuja kufuturu kwetu na kukaa siku chache ajionee. Akikuta jiko limelala na mwanawe anafuturu mkate wa dukani, basi tunafungasha, mimi naacha kiwanda, naenda Nalasi kushika mikorosho. Na Rashidi wangu kwa mama yake hana kauli. Baba zima lina ndevu, lakini mama akikohoa tu linatafuta pa kujificha. Mimi kazi yangu naipenda jamani, nimeihangaikia, na nilivyofikiria kuiacha nilikuwa nalia jikoni nikisingizia vitunguu. Kwa hiyo futari ile ya Jumamosi ndiyo ilikuwa mtihani wangu.

Tatizo, kulikuwa na apdeti inanisubiri Jumapili. Utaratibu wetu ni huo, Jumapili mashine zimesimama, mnakuwa wawili, mimi na fundi mkuu Mzee Komba, na mkimaliza mnapitia kitu kimoja kimoja mpaka mchoke. Yaani nimpikie mama mkwe Jumamosi vizuri, halafu Jumapili nimwache nishinde kiwandani? Si nimejifunga mwenyewe?

Jumamosi mchana mvua ikanyesha ile ya Songea, umeme ukakatika, vinu vikasimama. Jenereta letu haliwezi kuzungusha vinu, linabeba taa, kontrola na king'ora tu. Nikaona huu ndio muujiza wangu.

"Mzee wangu," nikamwambia Mzee Komba, "mashine zimesimama zenyewe, ngoja niapdeti sasa hivi. Mungu akupe nini tena?"

"Zuhura mwanangu, Mungu kakata umeme tu. Hajasema upakie programu."

"Nitakuwa makini, Mzee."

Akanitazama, akaguna, akaenda kuangalia dizeli ya jenereta. Nikapakia. Na ilikwenda vizuri, niseme ukweli wangu, taa zikawaka kijani moja baada ya nyingine mpaka nikaanza kujiimbia. Mwisho kabisa kontrola ikaniuliza swali moja dogo: saa yangu imefutika, nichukue saa ya laptopu yako? Nikabonyeza ndiyo. Nani angebonyeza hapana? Sufuria zilikuwa zinaniita.

Sasa sikieni ujinga wenyewe. Mimi ni mtu wa kuchelewa, hata kuzaliwa nilichelewa, mama yangu shahidi. Na dawa yangu ya kuchelewa ilikuwa kusogeza saa mbele nusu saa, saa ya ukutani, saa ya simu, na saa ya laptopu, ili nijitishe mwenyewe. (Najua na ninyi mnafanya, msinitolee macho.) Basi kile kisanduku, ambacho miaka yote kilikuwa na akili kuliko mimi, nikakiambukiza ugonjwa wangu. Sikupitia kitu kimoja kimoja. Nikamwambia Mzee Komba kila kitu safi, nikapanda bodaboda.

Nyumbani nilipika, acheni tu. Uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, maharage, chapati laini za kukunjika. Mama mkwe akafika na mfuko wa korosho na yale macho yake, nikampigia magoti, "Shikamoo Mama," "Marahaba mkwe wangu," akafunua sufuria ya kwanza, akafunua ya pili, akamwambia Rashidi kitu kwa Kiyao. Kiyao changu ni cha kusalimia tu, lakini Rashidi alivyotabasamu nikajua nimepita nusu ya mtihani. Naye kwa furaha akaharibu, akaanza kunitangaza, "Mama, mkweo leo kakibadilishia kiwanda kizima akili! Hata king'ora utakachokisikia, kimepita mikononi mwake!"

Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeanza kukubali, nami nikavimba hapo mkekani, nusura nipasue gauni.

Nje wingu lilikuwa zito, kiza kimetanda, umeme bado haujarudi, tumewasha taa ya betri. Mara king'ora hicho, kirefu, kitamu. Mtaa mzima ukasema Alhamdulillahi. Mama mkwe akashika tende, akachungulia mlangoni.

"Mbona naona kama bado kweupe?"

Hapa ndipo ningenyamaza. Lakini mimi, msomi wa mitambo, nikajibu, "Mama, huku kwetu ni nyanda za juu, mwanga unachelewa kuondoka. Hata saa ya ukutani inakubali, hiyo hapo." Rashidi anajua kabisa saa ile ni mwongo, lakini mtu mwenye njaa hatoi ushahidi. Mama akapiga bismillahi, akala tende, akashushia uji, akafumba macho, akasema maneno ambayo nilikuwa nayasubiri tangu niolewe: "Uji huu umepikwa na mtu."

Alikuwa kwenye mihogo wingu lilipopasuka. Jua likaingia dirishani, jua zima la manjano, halina haya, likatua moja kwa moja kwenye bakuli la mama mkwe.

Akaacha kutafuna.

"Rashidi. Lile nini?"

"Jua, Mama."

"Linafanya nini?"

"Linawaka, Mama."

Tukatoka nje, na mtaa wote ulikuwa umetoka, watu wamesimama na vikombe na vijiko mkononi wanalitazama jua kana kwamba limewatukana. Baba Salma alikuwa na chapati shavuni, hamezi wala hatemi. Shehe wa msikiti wetu akatokea, akatazama angani, akatazama vikombe vya watu, akasema kila aliyekula ajizuie mpaka Magharibi yenyewe, na siku hii italipwa. Wanawake wakapiga makofi ya masikitiko. Mtu akauliza kwa sauti, "Nani kakigusa hicho king'ora?"

Nikamkazia Rashidi macho, naye akakazia viatu vyake. Nikasema moyoni, tutapona. Ndipo mama mkwe akasogea mbele, akajifunga mtandio.

"Huu ni mwezi mtukufu, sisemi uongo. Ni mkwe wangu."

Loo! Shehe alijikaza, lakini niliona ndevu zinamcheza. Nikampigia simu Mzee Komba, nikamweleza, akasema, "Hata sisi huku tumeshakula, mwanangu. Ngoja nirudishe saa." Akairudisha. Nami sikufikiria kwamba kontrola ikirudishwa nyuma nusu saa, itaifikia Magharibi kwa mara ya pili na kufanya kazi yake kwa uaminifu. Kikalia tena. Safari hii ilikuwa Magharibi ya kweli kabisa, jua limezama, na hakuna hata mmoja aliyegusa kikombe. Wote wamegeuka wananitazama mimi.

"Hicho ni cha kweli!" nikapiga kelele.

"Hata cha kwanza ulikiamini," akasema Baba Salma, ambaye sijui ile chapati aliifanya nini.

Ilibidi Shehe apande kwenye benchi la nje ya msikiti na kuadhini kwa koo lake mwenyewe, ndipo watu wakanywa maji. Nilirudi ndani nimejifunika kanga mpaka puani, nikijua kesho nafungasha. Nikaanza hata kuchagua bisibisi ya kumwachia Mzee Komba kama kumbukumbu.

Baada ya sala mama mkwe akatuita sote wawili mkekani. Akachambua korosho zake kwanza. Kisha akasema, kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno:

"Rashidi, nilikuja kumchukua mkeo. Sasa nimemwona. Huyu akigusa mikorosho yangu, itatoa maua masika badala ya kiangazi. Mwache hukohuko kiwandani, huko wana mafundi wa kumrekebisha."

Na ikaisha hivyo! Kazi nimebaki nayo, nimeipata kwa aibu, na sijui hadi leo nishukuru au nilie. Lakini nimekoma. Apdeti nafanya Jumapili tu, tukiwa wawili, na Mzee Komba hanipi hata nafasi ya kupiga chafya kabla hatujapitia kitu kimoja kimoja. Msiniletee habari za fursa.

Baada ya Idi mtaa ulikubaliana kulipa ile siku pamoja, na futari ya siku hiyo ikawa juu yangu, sufuria za kukodi. Jioni ile simu ikaita kutoka Nalasi, mama mkwe, naye alikuwa analipa yake.

"Zuhura, huko kwenu jua limezama?"

"Limezama, Mama."

"Umeliona kwa macho yako?"

Nikatoka nje kwanza, nikasimama barabarani na upawa mkononi, nikalitazama lilipokuwa. "Nimeliona, Mama. Halipo."

"Haya, kula. Huku limeshazama zamani na nimeshakunywa uji. Nilikuwa nakupima tu."