Mfupa wa Paja Kutoka Kanja

Watu wa mjini Embu waliniita daktari, nami sikuwakatalia. Kumbe nilikuwa mpimaji wa mifupa tu katika chumba cha maiti, mwenye rula ya taya mbili na kiburi kisichopimika.

Mifupa ile ililetwa kwa gunia kutoka Kanja. Wachimba mtaro wa maji waliikuta katika shamba la kahawa la mwalimu mmoja. Mwalimu huyo alidai kwamba mkewe alitoroka akamwachia watoto wawili. Mama mzazi wa huyo mke hakuamini hata siku moja. Alikuja kabla sijafungua gunia, akaketi kwenye benchi nje. Mwalimu, mkwewe, alikaa upande wa pili, na hawakusalimiana.

Nyonga, mfupa unaotambulisha mwanamke upesi, ilikuwa imesagwa na majembe. Basi nikapima kichwa cha mfupa wa paja, nikatazama jedwali lililotoka ng'ambo. Mnene mno kwa mwanamke. Nikaandika: mwanamume. Polisi akawasomea mlangoni. Mwalimu akamshukuru Mungu kwa sauti, akainama kutia sahihi kwenye kitabu cha polisi.

Mama akaomba kuiona mifupa. Nilikasirika, jamani! "Mama, hesabu haidanganyi," nikamwambia.

Alichukua fuvu, akapitisha kidole juu ya paji, kisha akauvuta mkono wangu pale pale. Nilihisi bonde jembamba, laini.

"Hapa hupita kamba ya kuni," alisema. Akavua kitambaa chake kichwani, akanionyesha bonde lake. "Mwanamume gani wa kwetu umemwona akibeba kuni hivi?"

Mizigo ya tangu utotoni huunenepesha mfupa, na walioandika jedwali lile hawakuwahi kumpima mwanamke wa Kanja. Niliona aibu kuu. Nilipogeuka nimwite polisi, mwalimu hakuwepo mlangoni. Kalamu aliiacha juu ya kitabu, sahihi haijaisha.

"Wajukuu wangu!" mama akapiga ukemi.

Gari la polisi lilikataa kuwaka, tukalisukuma. Njia nzima nilitamani mama anitukane.

Shuleni kwa watoto, mwalimu mkuu alitupokea kwa tabasamu.

"Mmepishana na baba yao sasa hivi," alisema. "Amewachukua wote wawili. Amesema nyanya yao anawaita."

Nyanya yao alikuwa amesimama kando yangu.